Vinaitafuta Simu

Marehemu hapigi simu. Hilo Mama Pindo alilijua kama alivyolijua tundu la sindano yake. Kwa hiyo siku ile kidude cha kushoto kilipolia ti-ting! ndani ya sikio lake, mguu wake uliganda juu ya kanyagio la cherehani, na suruali ya mteja aliyokuwa akiipinda ikabaki nusu juu ya meza, nusu inaning'inia, kama mgonjwa aliyeshushwa mlangoni akaachwa hapohapo.

Vidude vyenyewe vilikuwa viwili, hedfoni zisizo na waya, vyeupe, vidogo kama punje za mahindi, vyenye kikasha chao cha kulalia na kulia chaji. Vilikuwa vya mwanawe wa pekee, kijana wa kiwanda cha mbao ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Betri. Jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake. Wenzake walipohubiri mpira, yeye alihubiri chaji. "Betri ni tumbo, mama. Ukiliacha tupu mpaka lilie, linaharibika. Ukilijaza mpaka livimbe, linaharibika vilevile." Usiviweke juani. Usivichaji usiku kucha. Sauti nusu, si zaidi. Vaa kimoja, kingine kilale, vibadilishane zamu kama walinzi. Na kikasha kisifunguliwe bure, kwa sababu kila kikifunguliwa vinaamka na kuanza kuitafuta simu, na kutafuta nako kunakula chaji.

"Vikiikosa?" Mama Pindo alimuuliza siku moja, uzi mdomoni.

"Vinalia tuuu, kwa huzuni, halafu vinazimika vyenyewe."

"Na vikiipata?"

"Ti-ting! Kama mtoto aliyeona sahani inakuja."

Walicheka wote wawili. Nani angejua kwamba kicheko kile kitakuja kudaiwa?

Lori la magogo lilimgonga likirudi nyuma kiwandani, mchana kweupe. Wakubwa wa kiwanda walisema alikuwa ameziba masikio kwa muziki, honi imepigwa mara tatu, asisikie. Kwa hiyo kosa ni lake, na kiwanda kinatoa pole. Pole ile ilikuja na mtu aliyekataa hata kuketi. Muuguzi alimpa Mama Pindo kikasha, kimefungwa, vidude viwili ndani, bila hata mkwaruzo. Simu haikuonekana. "Imepotea hukohuko," mumewe alisema, na macho yake yakatazama pengine.

Toka siku hiyo Mama Pindo alizishika amri za mwanawe kuliko alivyowahi kuzishika za yeyote. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya vitufe, haikujua habari za vidude. Lakini betri isiyotumika hufa. Hilo nalo mwanawe alilisema. Basi kila alasiri alikitoa kimoja, leo cha kulia, kesho cha kushoto, akakitia sikioni, akakisikiliza kikimtafuta mwenyewe na kumkosa. Tuuu. Akakirudisha kikalale. Wengine huenda kufagia kaburi. Yeye alikwenda huko kwa sikio.

Na sasa kimeipata.

Baada ya ti-ting ile ulikuja msumeno, mbali, ule msumeno mkubwa wa mbao unaolia kama mtu anayekataa jambo. Juu ya msumeno, karibu sana, palikuwa na pumzi. Mtu anavuta pumzi kama anayetaka kusema. Kisha vyote vikakatika. Tuuu.

*

Mumewe alikuwa anatoka stoo, nyuma ya uwanja. Alikuwa fundi viatu. Watoto walimwita Mzee Kisigino na wakubwa wakafuata. Kibanda chake cha barabarani kilivunjwa barabara ilipopanuliwa, na wiki chache kabla ya siku hiyo alihamishia nyundo, gundi na lundo la viatu vya watu ndani ya stoo ya uani, akawa anashinda humo mlango umefungwa. Mtu akimuuliza, alijibu kwamba gundi haipendi vumbi.

"Mzee, vimeipata."

"Nini?"

"Simu. Simu ya mtoto iko hapahapa, na imewashwa."

Mzee Kisigino aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. "Hayo ni masikio ya msiba, mke wangu. Masikio ya msiba husikia hata siafu wakitembea."

"Nimesikia msumeno."

"Wa kwenye cherehani."

"Miaka yote hii unaishi na fundi cherehani, hujui cherehani haina msumeno?"

"Basi sijui umesikia nini." Sauti yake ilipanda ghafla. "Nilikwambia vizikwe vidude vile. Nilisema, sikusema?"

"Nimzike mara mbili?"

Mzee alikwenda kwenye ndoo kunawa mikono, na Mama Pindo aliona jinsi maji yalivyokuwa yakimwagika pembeni ya viganja vyake, kama ya mzee wa miaka mingi zaidi.

*

Siku iliyofuata alivaa cha kulia akaanza kuzunguka. Alizunguka kama mtu anayetafuta kifaranga: polepole, shingo imeinama, akisimama penye kila mlango. Mwanawe alishawahi kumwambia kwamba vidude vile haviisikii simu mbali. Upana wa uwanja huu tu, na kuta hupunguza. Kikichoka kutafuta na kuzimika, alikirudisha kikashani, akakitoa tena, na kila alipofanya hivyo moyo ulimuuma kwa ile chaji aliyokuwa anaipoteza. Kikasha chenyewe kilikuwa kimezeeka. Zamani kikishiba kilivilisha wiki nzima. Siku hizi taa yake nyekundu ilikuwa haichelewi kuwaka.

Nyumba yao ilikuwa mstari wa vyumba vilivyoshikana, uwanja wa pamoja nyuma, na mbele, upande wa barabara, kinyozi. Alipofika ukuta wa kinyozi, kidude kikalia.

Ti-ting!

Hapakuwa na msumeno mara hii, wala pumzi. Kimya kitupu. Lakini kilikuwa kimya kilichounganishwa, kama cha mtu aliyepokea simu asiseme haloo.

Aliingia. Kinyozi alikuwa kijana rika la mwanawe, na si rika tu: walikula pamoja, wakanyoana wenyewe kwa wenyewe kabla mmoja hajajua kunyoa. Ndiye aliyekwenda kiwandani siku ile na kumbeba mwenzake mgongoni mpaka kwenye gari. Chini ya kioo chake palikuwa na rafu ambapo watu wasio na umeme waliacha simu zao zichajiwe, na siku hiyo zilijipanga hapo kama njiwa, nyingine zimefunikwa na taulo.

"Shikamoo, mama."

"Simu ya mwanangu iko wapi?"

Mashine ya kunyolea ilinyamaza. Mteja kwenye kiti, nusu kichwa kinang'aa na nusu kina msitu, alimtazama kwa kupitia kioo.

"Simu gani, mama?"

"Usiniulize gani. Hiki kimeniambia." Alikigusa kidude sikioni mwake. "Iko humu. Imewashwa."

Jasho lilimtoka kinyozi juu ya mdomo, na Mama Pindo aliliona, akaliweka moyoni.

"Mama, mimi na yule... Ningemwibia yule, mkono huu ungekauka."

"Sijakuuliza habari za mkono. Iko wapi?"

"Hilo, mama, naomba usiniulize mimi."

"Nimuulize nani? Yeye?"

"Mama yangu," alisema mteja kwa unyenyekevu, "mwache amalize upande huu tu, halafu mpigane. Jioni naenda kwa wakwe."

Hakuna aliyecheka. Mama Pindo alitoka nje, na nyuma yake mashine haikuwashwa tena kwa muda mrefu.

Jioni alimwambia mumewe: "Kesho namleta mwenye nyumba."

Mzee Kisigino aliweka kikombe chini. "Usifanye hivyo."

"Kwa nini?"

"Kijana yule alimbeba mtoto wetu mgongoni."

"Ndiyo. Na njiani mkono mmoja ukaingia mfukoni."

"Mama Pindo!"

"Basi niambie iliingiaje kwake. Niambie wewe."

Mzee alikitazama kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Asubuhi, kabla jua halijakaza, alitangulia kutoka. "Naenda kunyoa ndevu," alisema. Akarudi mapema, akapita moja kwa moja mpaka stoo, akafunga mlango. Mama Pindo alikuwa anajifunga kitambaa kichwani kumwendea mwenye nyumba. Alimwona, lakini hakumtazama.

*

Aibu ya maskini haina mlango. Hufanyiwa barabarani, ambako kila apitaye ana haki ya kusimama. Mwenye nyumba alikuja na shati lililopigwa pasi, akasimama katikati ya chumba cha kinyozi mikono nyuma, na watu wakajaa mlangoni mpaka mwanga ukapungua. Mbele ya wote alikuwa muuza mkaa, mwanamke wa ng'ambo ya barabara, ambaye ulimi wake ulikuwa haupumziki hata mkaa ukiisha.

"Toa kila kitu," mwenye nyumba aliamuru.

Kinyozi alitoa. Simu za rafuni zilishikwa moja moja, kila moja ikapata mwenyewe. Droo ilimwagwa: vitana, nyembe, kopo la poda lililofunguka likaanguka likaipaka weupe miguu ya watu. Nguo zake zilikung'utwa. Godoro lilipinduliwa, na chini yake palikutwa viatu vizuri alivyokuwa anavitunza kwa siku fulani isiyojulikana. Muuza mkaa akaviinua juu watu wavione, ingawa havikuwa simu.

"Kumbe jamaa ananyoa kichwa na mfuko!" alisema. "Ndiyo maana mume wangu akitoka hapa anakuwa mwepesi."

Wakacheka. Simu haikuonekana.

"Ameshaiuza," mtu alisema.

"Jana ilikuwepo," Mama Pindo alisema. Sauti yake haikutikisika. "Nimeisikia kwa sikio langu."

Mwenye nyumba alimgeukia kijana. "Una la kusema?"

Kinyozi hakumtazama yeye. Alitazama juu ya vichwa vya watu, nyuma kabisa, aliposimama Mzee Kisigino na kiatu cha mtu mkononi, mkono wake umeingia ndani ya kiatu mpaka kwenye kifundo kama unaotafuta pa kujificha. Kijana alimtazama kwa muda uliotosha mtu kusema neno moja. Mzee alitazama kiatu.

"Sina," kinyozi akasema.

"Mbele ya wazazi wa marehemu, huna?"

"Nimesema sina."

"Basi mimi chumba changu sikipangishi kwa mtu anayepekua maiti. Ufunguo niukute jioni."

Neno lile, maiti, lilimpiga kijana usoni kwa namna ambayo kofi lisingeweza. Alipiga magoti akaanza kuokota nyembe zake kwenye poda, moja baada ya nyingine, kwa ncha za vidole. Watu wakatawanyika. Mama Pindo alimwona mumewe akifungua mdomo. Kisha mzee akageuka akaenda zake, na kiatu bado kimo mkononi.

*

Alitarajia moyo utatulia. Alirudi kwenye cherehani, akakanyaga, uzi ukakatika. Akautia tena, ukakatika tena. Kupitia dirishani alisikia bisibisi ikizungushwa: kinyozi alikuwa anafungua kioo chake ukutani. Kioo kikatoka, kikaegemezwa nje kwenye ukuta, kikawa kinaonyesha miguu ya wapita njia, miguu tupu isiyo na watu.

Mkono ulimtoka kwenye gurudumu la cherehani. Ndevu.

Mtu aliyeamka mapema akaenda kunyolewa, alirudije na ndevu zake zote?

Alikitoa kikasha mfukoni mwa gauni. Taa ilikuwa nyekundu, na haikuwaka sawasawa. Ilikuwa inapepesa kama jicho la mgonjwa. Kila amri aliyoachiwa ilimwambia kisifunguliwe. Alikifungua. Akakichukua cha kushoto, kile kilichosikia kwanza, akakitia sikioni.

Ti-ting!

"...ufunguo wangu umeondoka nao, mpumbavu wee! Nimesimama hapa kibandani kama mwizi, wateja wananitazama!"

Mama Pindo aliruka akageuka nyuma. Sauti ya mumewe, kali, ya ndani ya sikio. Chumba kilikuwa kitupu.

"Baba, sijachukua ufunguo."

Alishika meza. Ndiye. Si pumzi tena, si msumeno. Ni yeye, na ule mkwaruzo mdogo wa koo aliokuwa nao toka utotoni. Akakumbuka: simu ile ilikuwa inajirekodia yenyewe kila mazungumzo. Bwana Betri aliitega hivyo kwa sababu ya wateja wa mbao wanaoagiza futi kumi na mbili na kesho wanaapa walisema kumi.

Alitoka. Kila hatua kuelekea stoo iliifanya sauti iwe safi zaidi.

"Utasikiaje wakati masikio umeyaziba? Mchana kutwa umeyaziba! Nasema na mtoto au nasema na ukuta?"

"Nakusikia, baba. Kimoja tu nimevaa."

Aliusukuma mlango wa stoo.

Mzee Kisigino alikuwa ameketi juu ya kigoda katikati ya viatu. Mkononi alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui, ameibana sikioni kwa nguvu mpaka sikio limekunjamana. Akaishusha, akaitikisa kama mtu anavyotikisa kiberiti kujua kama njiti zimebaki, akaibana tena.

"Sema," alikuwa anaiambia. "Sema basi. Kila nikikuletea sikio siku hizi unanyamaza. Hata wewe umenichoka?"

Na ndani ya sikio la mkewe, yuleyule mzee, kwa sauti ya mtu mwenye hasira na afya, akasema: "Hivyo vidude ndivyo vitakavyokuua, nakwambia! Vitakuua!"

Hapo mzee aliinua macho. Aliliona gauni kwanza, kisha uso, kisha kitu cheupe sikioni mwake. Simu ilimponyoka ikaangukia viatuni.

"Nyamaza," Mama Pindo alisema, mkono juu. "Usiseme neno."

Mazungumzo yalikuwa bado yanaendelea. Alisikia kitu kikitupwa juu ya meza. Alisikia msumeno. Kisha mwanawe, polepole, kama anayembembeleza mtoto:

"Haya, baba. Usikasirike. Nakitoa. Ngoja kikalale." Kikasha kikafungwa, tak, mlio ule angeutambua hata kaburini. Sauti ikabadilika, ikawa pana, ya hewani. "Baba? Nakusikia vizuri sasa. Ufunguo, hebu angalia mfuko wa koti lako la mvua, lile ulilovaa jana. Baba? Upo? Bab..."

Tuuu.

Kidude kilizimika. Mama Pindo alikitoa sikioni na kukitazama kiganjani. Kilikuwa bado kina joto lake.

*

"Niliwahi kufika hospitali kabla yako," Mzee Kisigino alisema. Alisema na viatu. "Kinyozi akanikabidhi simu. Nikaona mtu wa mwisho kupiga ni mimi. Nikasikiliza. Nikamwapisha kijana asikwambie, nikamwambia utaumia. Na ikiisha chaji namwachia yeye anichajie. Hajui kilichomo."

"Na leo asubuhi?"

"Niliifuata."

"Ukasimama pale na kiatu. Wakamwita mpekua maiti, na wewe umesimama na kiatu."

"Ningesema nini, mama? Niseme mbele ya watu kwamba nilimtamkia mwanangu kifo kwa mdomo huu, na hata kabla sijafunga mdomo kikaja?" Alijipiga kifuani kwa ngumi, pigo dogo lisilo na nguvu. "Na sasa hata kunisemesha hataki. Nikiiwasha inakuwa bubu. Siku nyingine, ndiyo. Siku nyingine, kimya. Nikajua amejua ni mimi ninayesikiliza, amekataa."

Mama Pindo alimwonyesha kiganja. "Hiki ndicho kilikuwa kinaichukua sauti. Nikikivaa mimi, wewe unakosa."

Mzee alikitazama kidude, akamtazama mkewe, na ilikuwa kama mtu anayeonyeshwa kwamba mzimu uliomtesa mwaka mzima ni shati lililoanikwa, na bado anatetemeka.

"Ufunguo ulikuwa wapi?" mkewe akamuuliza.

"Usiniulize."

"Nakuuliza."

"Kwenye koti la mvua. Niliukuta siku tuliyomzika."

"Alikwambia. Alikwambia angalia koti la mvua."

"Hakuniambia."

"Ulikuwa umeitupa simu mezani."

Mzee akasema kwa sauti iliyopasuka: "Sikuikata. Niliitupa tu. Yaliyofuata sikuyasikia."

"Na hapa stooni? Mara zote hizi?"

"Nakomea pale pa neno langu. Kila mara. Kidole kinakata chenyewe. Nilijua mbele yake ndiko kishindo kiliko."

"Mbele yake ndiko alikokutii," Mama Pindo alisema. "Ulimkemea, akakitoa, akakirudisha kikashani. Masikio yake yalikuwa wazi. Mimi nikapewa kikasha kimefungwa, viwili vyote ndani, nikalala nacho chini ya mto siku zote hizi nisijiulize nani alikifunga." Alisimama. "Simama na wewe. Chukua hiyo simu."

"Twende wapi?"

"Kwa mtoto wa watu."

*

Kinyozi alikuwa ameshatoa kiti nje, na juu ya kiti fungu la nguo. Ufunguo alishampa mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni akikagua ukuta kama kuna tundu la kulalamikia. Muuza mkaa alikuwa mahali pake pa mbele.

Mzee Kisigino alisimama karibu na kioo kilichoegemezwa, na ndani ya kioo miguu yake ilionekana ikitafuta pa kukanyaga.

"Simu hii," alisema, na ikambidi aanze tena. "Simu hii ninayo mimi. Huyu alinikabidhi siku ileile, mkono kwa mkono. Nilimfunga mdomo kwa kiapo, na leo nikawaacha mumvue nguo. Mwizi mnayemtafuta ni mimi."

Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtaa ule, muuza mkaa alikosa neno.

"Sasa, mzee," mwenye nyumba alikohoa, "jambo kama hili mngelimaliza ndani."

"Tulilianza nje," Mama Pindo alimjibu. "Litaishia nje." Akamgeukia kijana. "Mwanangu, nilikuja kwako na watu. Nisamehe."

"Wewe ulikuwa unamtafuta mtoto wako, mama." Kinyozi hakumtazama yeye, alikuwa anamtazama mzee. "Mzee, ulitaka ninyamaze mpaka lini?"

"Sijui, mwanangu."

"Mimi nilikuwa najua. Mpaka jioni. Ningepakia kiti hiki, ningeondoka, na ungebaki hapa na mimi ni mwizi."

Mzee aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

"Iweke tuisikie," Mama Pindo alimwambia mumewe. "Mpaka mwisho. Na sisi tupo."

Kidole cha mzee kilichelewa juu ya kioo kilichopasuka. Kisha sauti ikatoka hadharani, si ndani ya sikio la mtu mmoja. Neno lake la laana likapita, na watu wakalisikia, na wengine wakatazama chini kwa niaba yake. Kidole hakikukata. Kikasha kikafungwa, tak. Koti la mvua. Baba, upo? Baba? Injini ikakaribia, ikajaa, mtu akapiga yowe mbali, "Weee!", na kishindo kimoja kikavu, kama ubao unaoangushwa.

Kikafuata kimya, na ndani ya kimya hicho msumeno ulikuwa bado unakata mbao zake, hauna habari.

Mzee Kisigino alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kioo. Mama Pindo alisimama, mkono wake juu ya kichwa cha mumewe.

"Rudia," kinyozi alisema.

"Mwanangu, hapana."

"Si kishindo, mzee. Kabla ya kishindo. Rudia."

Ilirudiwa. Kinyozi aliinama karibu, jicho moja limefumbwa, kama anavyofanya akinyoosha mstari wa paji la mtu. Injini. Yowe. Kishindo.

"Kiwandani walituambia dereva alipiga honi," alisema taratibu. "Mara tatu. Nilikuwepo wakisema. Mama, walikwambia na wewe?"

"Waliniambia."

"Honi iko wapi?"

Mwenye nyumba aliacha kukagua ukuta. Muuza mkaa alijisogeza mbele, mkono kifuani. "Iweke tena," alisema kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, na ikawekwa, na watu waliokuwa wanapita wakasimama, na wote wakasikiliza kwa makini kile ambacho hakikuwepo. Palikuwa na msumeno, injini, kijana anayemwita baba yake. Honi haikuwepo.

Simu ikatoa mlio mfupi. Mzee Kisigino aliishika kwa mikono miwili. "Inaisha chaji! Inazimika!"

Kinyozi aliichukua, akaingia chumbani mwake ambamo hamkuwa na kitu tena ila rafu, waya ukutani na mashine ya kunyolea ikining'inia. Aliichomoa mashine, akachomeka simu. Mwenye nyumba, aliyekuwa bado ameushika ufunguo, aliuangalia, kisha akauweka juu ya rafu tupu kama mtu anayetua kitu cha moto, akatoka nje.

Mama Pindo alikitoa kikasha mfukoni. Kwa mazoea tu alikifungua, akasubiri. Vidude havikulia ti-ting, wala tuuu. Vilikuwa vimemaliza kutafuta.

"Kiwanda kinafungwa saa ngapi?" aliuliza.

"Tunawahi, mama. Ikipanda kidogo tunakwenda." Kinyozi aliitazama simu, akajaribu kutabasamu, ikamshinda. "Mwenyewe alikuwa hataki betri ijazwe mpaka ivimbe."

Mama Pindo alikifunga kikasha. Tak.

"Leo," alisema, "iache ivimbe."